Njia ya Mawe ya Sekela

Sogeeni, mniazime masikio, ila mjue mapema: mwisho nitawadai hukumu.

Juu kwenye milima ya Uporoto, ambako mwezi wa saba maji huganda ndani ya ndoo, Sekela aliolewa akakuta mawifi watatu. Bupe alikuwa na mikono ya kupasua mwamba. Tulinagwe alijua maji yanakopita chini ya ardhi, hata juu pakiwa pakavu. Na Atuganile? Huyo jicho lake lilikuwa pima maji. Picha ikining'inia upande ukutani, hakai akatulia.

Mimba ya kwanza ya Sekela ilitoka pale mteremkoni, njia ya zahanati. Aliteleza kwenye barafu, akaanguka. Sasa alikuwa na nyingine, naye angejifungua msimu uleule wa baridi. Aliogopa mpaka usingizi ukampaa.

"Wifi, safari hii utapita juu ya mawe kama bibi harusi," Bupe akamwambia.

Akawasha moto juu ya mwamba, ulipopata moto sawasawa akaumwagia maji baridi. Paa! Ukapasuka, ukatoa mawe bapa, mapana. Akayabeba mgongoni mpaka ngozi ikachubuka. Bila Bupe, lisingepatikana hata jiwe la kukalia.

Wakayalaza juu ya udongo mweusi, wakapiga vigelegele. Wapi! Baridi ilipoingia, maji ya udongoni yaliganda, udongo ukavimba, mawe yakainuka yakawa yanacheza kama meno ya mtoto yanayotaka kung'oka. Sekela akakanyaga moja, likabinuka. Alikaa chini akalia.

"Ng'oeni yote," akasema Tulinagwe. "Mmelaza mawe juu ya maji, mlitegemea nini?"

Bupe akanuna siku nzima, lakini akang'oa. Tulinagwe akachimba mtaro wa kufika magotini, akaujaza changarawe ili maji yapite yaende zake. Bila Tulinagwe, njia ingebinuka kila kukicha.

Ndipo Atuganile akapiga magoti. Kila jiwe aliliinamisha kidogo upande wa bondeni, maji yasituame juu yake yakaganda. Lililomkataa alilitoa, akalirudia.

"We Atuganile, tutazeekea hapa!" wenzake wakalalamika.

"Zeekeni. Wifi yangu hatelezi tena."

Uchungu ulimshika Sekela alfajiri, nyasi zote zimekuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Akashuka kwa miguu yake mwenyewe, jiwe kwa jiwe, na hakuna lililocheza. Mlangoni pa zahanati akacheka kwa sauti, pamoja na uchungu wake! Akazaa binti mwenye mapafu ya kuamsha kijiji kizima.

Sasa hapo. Kwao mtoto hupewa jina la shangazi mmoja tu, na huyo ndiye anayemfunga mgongoni na kumpeleka nyumbani kwa mara ya kwanza. Mawifi watatu wakasimama kando ya kitanda, kila mmoja na kanga yake mkononi. Sekela aliwapenda wote, na moyo ukamuuma, maana kumtaja mmoja ni kuwarudisha wawili mikono mitupu.

"Haya, wifi," Bupe akasema. "Tunamwitaje?"

Nanyi msinijibu "wote watatu," jibu hilo silipokei. Mgongo ni mmoja. Je, ungekuwa wewe Sekela, mtoto ungemkabidhi nani?