Muadhini Aliyeazima Sauti

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa milimani, huko Yemeni, alifariki muadhini mwenye sauti tamu mno, Mola amrehemu. Nafasi yake akapewa mwanafunzi wake, Dhakwani, mcha Mungu ambaye sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. Kwa kuionea haya, kila akipanda mnarani alimwiga marehemu, na watu wakanong'ona, "Anataka kuwa yeye, wala siye."

Manung'uniko yakamfikia liwali. Akatangaza kuwa Ijumaa angekuja kuisikiliza adhana mwenyewe, na isipomridhisha, Dhakwani angetolewa pamoja na mama yake kipofu katika chumba cha msikiti walimoishi. Hawakuwa na kwingine.

Ijumaa ikafika. Dhakwani alipokuwa akitawadha, mama yake alimuuliza, "Mwanangu, unawaita watu kwa nani?"

"Kwa Mwenyezi Mungu, mama."

"Basi sauti aliyokupa Yeye ina kasoro gani?"

Dhakwani akapanda mnarani, akaziba masikio kwa vidole, akaanza kwa sauti ile ile ya kuazima. Takbiri ya pili ikamkatikia kooni. Chini mtu akacheka. Liwali akainua uso. Dhakwani akasema moyoni, "Ya Rabi, ndiyo hii uliyonipa," akaanza upya kwa sauti yake mwenyewe, nzito, yenye mikwaruzo, mpaka mwisho.

Baada ya sala akaitwa. Liwali akasema kwa ukali, "Nimesikia watu wawili mnarani. Nani yule wa kwanza?"

Angeweza kumsingizia mwingine akaokoka. Akainamisha kichwa. "Hapakuwa na mwingine, bwana wangu. Wote wawili ni mimi."

Liwali akamwambia, "Basi yule wa kwanza asipande tena mnara huu. Wa pili nimemsikia, na moyo wangu umetetemeka. Huyo abaki."

Dhakwani akalia mbele ya watu.

Ndugu zangu, wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mniwie radhi kwa neno hilo, lakini ndilo. Tunahangaika kufanana na fulani na fulani, kana kwamba Mola alikosea alipotuumba. Kesho akhera tutaulizwa tulichopewa sisi. Alichopewa jirani ataulizwa jirani.