Mkono wa Nane wa Pweza

Endeleeni kusuka, mimi nataka masikio yenu tu. Na wewe Mwatima, acha kuvuta mdomo. Najua umechukia kwa kuwa asubuhi nilikufumulia mkeka wako mbele ya wenzio. Pweza wako alikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kushona mimi, hilo sikukatalii. Lakini ulimpa mikono minane, na hapa kwetu hakuna mwanamke anayempa pweza wa mkekani mikono minane. Nitakwambia kwa nini, kama alivyonieleza bibi yangu aliyenifundisha kazi hii. Nikimaliza, ukitaka kununa nuna.

Zamani hizo pweza hakuwa na rangi. Alikuwa mweupe mwili mzima, akikaa kwenye shimo lake mwambani na kila mpita njia akimwona. Hakuwa na wino, hakujua kujificha, wala hakujua sura yake ikoje. Watu walimchora kila mahali, milangoni, kwenye makasha, kwenye vifuniko vya vyungu, na watoto walimchora mchangani kwa kidole. Hakuna aliyemwogopa.

Basi hapa kijijini alikuwepo msukaji mmoja, Mize binti Vuai, mjane. Alikuwa na binti mmoja tu, Riziki, na hakuwa na kingine duniani. Binti alipoposwa, mama aliapa kumshonea mkeka wa harusi ambao mji mzima ungeusimulia. Alichemsha ukindu kwa magome ya mkoko ukatoka mwekundu, mwingine akauchemsha kwa bizari ukatoka wa manjano, mwingine akauloweka kwenye tope ukatoka mweusi tititi. Kila alipomaliza kutia rangi alikwenda kuusuuza kwenye kidimbwi kimoja cha mwambani, maji yakiwa yamepwa. Pweza wa kidimbwi kile alikunywa rangi hizo miezi mitatu, pamoja na ngisi, nduguye mdogo, na hakuna aliyejali.

Katikati ya mkeka Mize alimshona pweza kamili, mikono yote minane na macho yake mawili. Kosa lilikuwa moja, dogo. Chini ya jicho la kushoto ukili mmoja, msuko mwembamba wa ukindu, ulikwenda upande. Mize aliliona, akajiambia kwamba hakuna mwingine atakayeliona.

Sasa, desturi ya siku hizo ilikuwa kwamba mkeka haukunjwi pindo mpaka mwenyewe auone. Mize alimwita Riziki, Riziki akauona, akalia kwa furaha. Ingeishia hapo. Lakini Mize alikuwa mtu wa majivuno, Mungu amsamehe, akawaambia wenzake, "Pweza mwenye sura hii naye ni mwenyewe. Naye aoneshwe." Wakacheka, wakafuatana naye hadi mwambani, akautandaza mkeka ukingoni mwa kidimbwi.

Pweza alitoka shimoni polepole. Aliweka mkono mmoja juu ya mkeka, juu ya mkono wake ulioshonwa, kisha wa pili, akijipapasa hivyo mpaka minane ikalala juu ya minane. Wakiwa wanamtazama, weupe ukaanza kumtoka. Wekundu ulimpanda kutoka ncha za mikono, manjano yakafuata, na weusi ukamzunguka macho. Hakuna aliyecheka tena. Mize aliuvuta mkeka, ukang'ang'aniwa, ukaachiwa, naye akarudi nyumbani.

Tangu hapo mwambani hapakukalika. Mtu alikanyaga jiwe, jiwe likasogea. Mwanamke mmoja aliinua fungu la mwani, mwani ukafumbua jicho. Wanawake wakawa wanakwenda kuokota chaza wawili wawili, na mmoja wao lazima awe na kijiti cha kuchokolea. Mize aliyasikia yote hayo, akakaa ndani anakunja pindo.

Siku tatu kabla ya harusi kulikuwa na bamvua, maji yakapwa mbali sana. Riziki alitoka na shangazi zake. Alipofika kwenye kile kidimbwi aliuona mkeka wake umetandazwa chini ya maji.

"Jamani! Mama kausahau mkeka wangu majini!"

Akainama, akatia mikono yote miwili ili auinue. Mkeka ukamkunja.

Shangazi zake walivuta mpaka kucha zikatoka damu. Riziki alikuwa amepiga magoti, maji yakimfika kiunoni, na kila walipobandua mkono mmoja mwingine uligandama. Nyuma yao bahari ilikuwa imeanza kurudi. Mmoja akakimbia kumwita mama mtu.

Mize alifika na mkeka kwapani na kisu cha kazi mkononi, alivyotoka navyo tu. Maji yalikuwa yamemfika Riziki kifuani. Mama alitazama ndani ya maji, akaona wekundu wake, manjano yake, na chini ya jicho la kushoto ukili uliokwenda upande. Alijua kilichomshika mwanawe ni kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Mama, kinaninywa miguu," Riziki alisema.

"Mimi ndiye niliyekushona," Mize akakiambia kile kitu, "na mimi ndiye nitakayekufumua."

Akakata nyuzi za mkono wa kwanza mkekani. Ule wa majini ukalegea, ukaanguka. Akakata wa pili, wa tatu. Maji yakafika shingoni. Akakata akilia, akijikata na vidole, hadi wa saba, na Riziki sasa alikuwa ameinua uso juu ili apate kuvuta pumzi. Wa nane ulikuwa umemshika kifundo cha mguu. Uzi wake haukukubali kisu, Mize akautafuna kwa meno. Ulipokatika, kile kitu kilitapika weusi wote kiliokunywa, kidimbwi kikawa kiza, na Riziki akavutwa nje anakohoa.

Harusi ilifanyika. Mize aliurudishia mkeka mikono saba, maana binti hawezi kuolewa bila mkeka, lakini wa nane hakuthubutu. Yule wa baharini mikono yake iliota yote tena, na rangi haikumtoka.

Na tangu siku hiyo pweza hugeuka akawa jiwe, mwani, au chochote alichokiona. Akishtuka hutapika wino, na ngisi naye kajifunza. Na tangu siku hiyo hatumpi mkono wa nane, asije akaikuta sura yake imekamilika akataka kuivaa tena.

Riziki alizaa, akazeeka. Ndiye mama wa bibi yangu. Hadi anazikwa alikuwa na alama za mviringo kwenye kifundo cha mguu, na hakukaa juu ya mkeka wowote, hata wake wa harusi, kabla ya kuupiga makofi matatu na kusubiri. Sisi tukaiga. Wageni hudhani tunakung'uta mchanga, husema wanawake wa huku ni wasafi mno. Waacheni waseme.

Haya, sogeeni tule. Mbona umesimama, Mwatima? Mkeka huo, kaa. Eee, upige kwanza. Piga tena. Sasa subiri kidogo.