Mhanga na Vigingi vya Jirani

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona kinyonge hivyo? Ugali haujafika tumboni? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipangishiana mashimo, palikuwa na Mhanga. Mnamjua Mhanga? Masikio marefu, pua ndefu, bingwa wa kuchimba. Mchana hulala, na mashimo yake ya ziada huyapangisha.

Siku moja akaja Mama Ngiri na watoto wake watatu, wachanga bado.

"Hodi, Bwana Mhanga! Natafuta shimo tulivu, chui asiwaone wanangu."

"Karibu, mama! Hili hapa, kavu, lina mlango mpana."

Mama Ngiri akaingia kichwa mbele, kama kila mnyama wa wakati ule. Akanusa kuta, akapenda. Akauliza kutoka ndani, "Na huko jirani je?"

"Kimya."

"Kimya kweli?"

"Kimya kabisa!"

Huku nje Mhanga ameketi juu ya kigingi cha alama ya kuchimba, mkia umefunika cha pili. Mwongo huyo!

Wakakubaliana. Kodi ni kumbomolea Mhanga vichuguu ale mchwa. Mama Ngiri akae mpaka masika. Akihama kabla, hapewi shimo jingine pori zima.

Kesho yake wakaja Tembo na ndugu zake, wakaanza kuchimba kisima palepale kwenye vigingi.

"Haya piga! Haya chimba! Maji yako chini!" Du! Du! Du!

Siku ya kwanza, vumbi likajaa chumbani. Siku ya pili, ukuta ukapasuka. Siku ya tatu, bonge la udongo likamwangukia kitinda mimba kichwani. Akalia, na mama yake akalia naye.

Mama Ngiri akaenda kwa Mhanga. "Niruhusu nihame, wanangu watafukiwa!"

"Ahadi ni ahadi, mama. Mpaka masika."

Akaenda kwa Tembo. "Baba, mbona mnatuchimbia kisima kichwani?"

Tembo akashusha mkonga. "Hee! Kwani Mhanga hakukwambia? Vigingi nilivipiga mbele yake, mwezi mzima umepita!"

Mama Ngiri akafuta machozi. Akarudi kwa Mhanga na tabasamu.

"Nimekubali kukaa. Kesho mchana njoo ule mchwa wa kufungulia nyumba."

Mhanga na mchwa! Alifika mbio. Na desturi ya pori lile ni moja: mgeni akishakula, haondoki mpaka mwenyeji amuage.

Akaingia shimoni, akala, akashiba, macho yakawa mazito. Du! Akashtuka.

Akakunja sikio moja. Du!

Akakunja yote mawili. Du! Udongo puani!

"Mama, niage niende!"

"Bado, mgeni wangu. Kwani kuna nini? Si jirani kimya?"

"Kimya gani! Humu hamkaliki! Ningejua kisima kina kelele hivi, ningemwambia Tembo asubiri masika, siyo asubiri wewe uingie tu!"

Akajiziba mdomo. Amechelewa. Mlangoni Tembo na majirani wote, walioitwa na Mama Ngiri, walikuwa wamesimama.

"Tumesikia!" wakasema. "Na hatuna hata masikio marefu kama yako!"

Wakacheka mpaka vumbi likatimka. Tembo akasema, "Aliyefichwa kigingi hafungwi na ahadi. Mama, hama. Na wewe Mhanga, mchimbie shimo jingine leo hii, kodi asilipe."

Mhanga akachimba ng'ambo ya kilima, kichwa chini kwa aibu. Shimo lilipokwisha, watoto wakaingia. Mama Ngiri akageuka, akaingia kinyumenyume.

"Mbona hivyo, mama?" Mhanga akauliza.

"Siku ile nilikagua nyumba. Leo nakagua jirani."

Na mpaka leo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, macho nje. Nendeni mkamtazame.

Basi jueni, wanangu: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukimkaribisha mtu nyumbani, mwambie na yaliyo nje ya mlango.

Hadithi yangu nimeifukia shimoni. Anayeitaka akaichimbe, ila kwanza aangalie vigingi.