Barua Iliyorudishwa

Wahenga walioisifu subira ndio hao hao waliotuonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu akiambiwa angoje bila kuambiwa mpaka lini, na huku tatizo lake linakua, hana budi kuinuka na kulifuata. Yunisi, mkulima wa kahawa huko Mbozi, aliyajua haya kwa mwili wake mwenyewe.

Mwaka 1977, msimu wa kuchuma kahawa, Yunisi alikuwa akioga alipogusa kivimbe katika titi lake la kushoto, kigumu kama punje ya mahindi makavu. Hakukificha. Kesho yake alikwenda zahanati, na zahanati ikampeleka hospitali kubwa. Daktari alikata kipande kidogo cha nyama kipelekwe Dar es Salaam kupimwa.

"Majibu yatakuja kwa barua baada ya wiki nne," daktari alisema. "Kangoje nyumbani."

Wiki nne zikapita, zikafika nane. Kila Jumatatu Yunisi alikwenda ofisi ya kijiji kuulizia barua, na kila Jumatatu katibu alimjibu, "Ngoja, mama, itakuja." Mumewe, Osea, naye alikuwa na wimbo huo huo.

"Mama Lwitiko, ngoja," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Wagonjwa wa nchi hii ni wengi. Ukiwasumbua watakuchukia."

"Wakinichukia nikiwa hai, nitashukuru," Yunisi alijibu.

Usingizi ulimpaa. Wiki ya kumi na mbili, kivimbe kilikuwa kimetoshana na kokwa ya parachichi. Asubuhi hiyo hakwenda ofisi ya kijiji. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akasimama barabarani katika mji wa Vwawa na kupanda basi peke yake.

Hospitalini, karani wa mafaili hakuinua hata uso. "Kangoje, mama. Tutakuandikia."

Yunisi alihisi hasira ikimpanda kama maziwa yanayochemka. Akavuta kiti na kuketi mbele ya meza ya karani.

"Sitoki hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Fungua faili langu mbele ya macho yangu."

Karani alinung'unika, akalitafuta faili na kulifungua. Ndani mlikuwa na barua yenye mihuri miwili ya posta. Ilikuwa imetumwa wiki saba zilizopita kwenye kitongoji cha zamani cha Yunisi, kilichobaki magofu tangu watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Karani alikuwa amenakili anwani kutoka kadi ya zamani. Posta ilipoirudisha, aliichomeka humo humo.

"Tulikuwa tunangoja uje," karani alisema.

"Nami nilikuwa nangoja mwandike," alisema Yunisi. "Ulijua imerudi. Kijijini kwetu kuna zahanati, kuna ofisi ya chama, kuna kanisa. Hukumtuma hata mtu mmoja."

Karani aliichukua barua na kuipeleka kwa daktari.

Barua ilisema ni saratani. Daktari alipompima upya alikuta tezi mbili zimevimba kwapani.

"Mwanzoni hazikuwapo," alikiri. "Tukate titi kesho, na tezi hizo pia. Ukikaa mwezi mwingine, sitakuwa na la kufanya."

Alikatwa. Osea alipofika wodini na kuiona bandeji kifuani pa mkewe, alitokwa na machozi.

"Tumshukuru Mungu," alisema.

"Mungu nimemshukuru," Yunisi alijibu akiutazama ukuta. "Wewe uliyeniambia ningoje, bado."

Alipona, akarudi kwenye kahawa yake, ingawa mkono wa kushoto haukuinuka tena kufikia matawi ya juu. Daktari aliwaambia wauguzi kwamba mama yule aliokolewa na miguu yake mwenyewe. Yunisi hakuisamehe ofisi ile ya mafaili, wala hakuna aliyemlaumu, kwani wiki saba zile hazikumrudia. Kweli, ngoja ngoja huumiza matumbo.