Gofu la Mselemu na Mikomamanga ya Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kingoje, watu walikuwa na desturi moja ya ajabu: nyumba ikianguka paa, walisema imekufa, wakaihama na kujenga nyingine. Basi mji ukajaa magofu, na wasio na pa kulala nao wakajaa. Mmoja wao alikuwa Mselemu, mtu asiye na kitu ila maneno, aliyelala na mkewe Mwanaidi katika jiko la mama mkwe. Kila asubuhi waliamshwa na moshi, na moshi ukiisha yakaanza masimango.

Siku moja Mselemu akamwambia mkewe, "Mke wangu, niazime bangili zako za fedha. Nitanunua gofu, nilitengeneze, niliuze, kisha nikurudishie bangili, na nyumba juu yake."

Mwanaidi akamtazama sana. Bangili zile ndizo pekee alizoachiwa na bibi yake, na mumewe hakuwahi kutengeneza hata kigoda. Lakini macho yalikuwa yakimwasha kwa moshi, akazivua.

Gofu lenyewe lilikuwa mali ya Sultani, ubavuni mwa jumba lake. Halikuwa na paa wala mlango. Popo walikuwa ndio wenyeji, na wapishi wa Sultani walitupa taka humo tangu enzi ya baba yake. Sultani alipoletewa bangili akacheka hata kilemba kikamkaa upande.

"Mpeni mwendawazimu huyu taka zake," akasema, na kadhi akaandika hati.

Basi Mselemu akajifunga kibwebwe. Taka zilikwisha oza zikawa mbolea nyeusi ya kutamanika, akamwita mtunza bustani wa Sultani, naye akazichukua zote, kikapu baada ya kikapu. Boriti mbovu wakazibeba wapishi, wakapikia pilau ya Idi. Kuta, kumbe, zilikuwa nzima! Mselemu akayarudisha mawe yaliyodondoka, akachoma chokaa, akapaka. Kwa seremala alipasua mbao miezi miwili, akalipwa boriti na mlango. Makuti ya kuezekea alisuka mama mkwe mwenyewe, tena kwa bidii, maana alitaka jiko lake.

Ikawa nyumba imekwisha, nyeupe, ina baraza pana na upepo mzuri. Sultani akapita, akaiona, tamaa ikamshika. Papo hapo akamwita Mselemu barazani kwake.

"Mselemu, mimi nilikuuzia gofu, sikukuuzia nyumba. Chukua bangili zako, nami nirudishie mali yangu kama nilivyokupa, isipungue kitu. Nakupa siku tatu, ama sivyo utaingia gerezani."

"Kama ulivyonipa, Maulana?"

"Kama nilivyokupa! Kadhi, andika."

Kadhi akaandika, ingawa kalamu ilikuwa nzito mkononi mwake. Mselemu akatoka. Miezi ile yote ya jasho, na jikoni tena! Alipomweleza Mwanaidi, yule mwanamke alilia kwa sauti, na ambaye asingelia hapo sijui ana moyo gani. Kisha Mselemu akauliza, "Kile kikapu chetu kikubwa kiko wapi?"

Asubuhi yake wakasikika watu wakipiga kelele katika bustani ya Sultani. Sultani akatoka mbio, kiatu mguu mmoja, akamkuta Mselemu na jembe, amekwisha fukua shina la mkomamanga mmoja na anaukabili wa pili.

"Ewe mlaaniwa! Mikomamanga yangu!"

"Maulana, Mungu akupe umri, natimiza amri yako. Siku uliyonipa gofu lile lilikuwa na taka, vikapu mia tatu. Leo ziko hapa, zinalisha mikomamanga, na umesema kisipungue kitu. Popo nao nimewatumia salamu warudi, hawajajibu. Nikimaliza hapa nitakwenda kulishusha paa, maana siku ile halikuwapo. Kinachonisumbua ni zile boriti mbovu. Zilipikia pilau ya Idi, na nasikia Maulana uliongezwa sahani mara tatu. Sasa boriti hizo nizidai kwa nani? Nimemwuliza kadhi, naye kashindwa."

Kadhi akageuka upesi, akajifanya anakohoa. Sultani akaitazama mikomamanga yake, akalitazama jembe, akalishika tumbo lake mwenyewe. Kisha akacheka, na safari hii kilemba kikaanguka kabisa mchangani.

"Acha jembe, Mselemu! Nyumba ni yako, na bangili ni zako. Nami nikiitaka nitainunua kama watu wengine, kwa bei utakayosema."

"Bei nitakwenda kumwuliza mama mkwe, Maulana," akasema Mselemu, "kwa kuwa makuti ni yake."

Mama mkwe hakuwa mtu wa kuonewa. Bei aliyoitaja ilimfanya Sultani amwombe maji ya kunywa, lakini alilipa. Kwa fedha ile Mselemu akanunua magofu mawili, moja la kuishi, moja la kutengeneza na kuuza. Mwanaidi akazivaa bangili zake, akazitikisa zikalia, akatembea nazo mtaa mzima siku nzima.

Jioni akarudi, akavua moja, akaiweka mkononi mwa mumewe.

"Lile gofu la nyuma ya soko," akasema, "kuta zake umeziangalia vizuri?"

Nami nawaachia hapo, mlangoni pao. Anayetaka kuingia na abishe hodi.