Zamoyoni Atafuta Sakafu

Paukwa!

Pakawa!

Mlioko nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijijengea wenyewe, palikuwa na farasi jike, jina lake Zamoyoni. Alikuwa mja mzito, tumbo kama pipa. Banda lao moja na Ng'ombe, na mkubwa wa banda alikuwa Tausi.

Tausi akaweka sakafu mpya. Ya mawe, imesuguliwa, inameremeta. Akajitazama mle, akajigeuza, akajitazama tena.

"Ingieni, jamani! Ingieni mwone urembo!"

Zamoyoni akaingia. Ko, ko, ko... chwaaa! Miguu huku, miguu kule. Puu! Goti likachubuka.

"Pole, dada," akasema Ng'ombe. "Mimi nimejilaza humo kidogo tu, mbavu zote zinauma."

"Mtazoea," akasema Tausi. "Hamwoni inavyong'aa?"

Zamoyoni akajiinua. Alikuwa anamfikiria mtoto. Miguu myembamba kama vijiti, imelowa, inasimama kwa mara ya kwanza. Hapa? Akatoka akichechemea mpaka kwenye shamba la miti ya mpira, dukani kwa Kima, aliyegema utomvu wa miti na kuufanya mikeka.

"Hodi!"

"Karibu, Bi Farasi! Mbona wachechemea?"

"Nimeteleza nyumbani kwangu. Nataka mkeka wa kuzalia."

Kima akatandika wa kwanza, laini, mzuri.

"Umwagie maji," akasema Zamoyoni.

"Maji ya nini?"

"Kwani mimi sikojoi?"

Kima akacheka mpaka akajishika mbavu. Akamwaga, mwaaa! Zamoyoni akakanyaga. Chwaa! Nusura aanguke.

"Huu hapana."

Wa pili ulikuwa mwembamba. Akajilaza, akayasikia mawe ya chini yakimchoma.

"Huu nao hapana."

Wa tatu mnene, juu una vipele, chini una vifereji vya kupitisha maji. Mwaaa! Akakanyaga. Du, du, du. Hakuteleza. Akajilaza, akafumba macho, akakoroma.

"Bi Farasi! Amka, uko dukani kwangu!"

"Huu, Kima. Ndio huu."

Wakabeba mikeka ya aina hiyo hadi bandani. Tausi akaruka juu. "Myeusi kama masizi! Mnanifunikia sakafu yangu!"

"Tausi," akasema Zamoyoni, "wewe unaitazama sakafu. Mimi nitazalia juu yake."

Tausi akalitazama tumbo lile. Akasogea kando. Wakatandika ukingo kwa ukingo, pasibaki ufa wa kunasa kwato.

Asubuhi ya siku ya pili, mtoto akazaliwa. Akainuka, anatetemeka. Buf! Akaanguka, hakuumia. Akainuka. Buf! Akainuka tena, akasimama! Du, du, du, akazunguka banda zima, mkia juu. Ng'ombe akapiga kigelegele. Zamoyoni akalia na kucheka kwa pamoja.

Tausi akamvuta Kima pembeni. "Sikiza, bwana. Hakijabaki kipande cha kwangu?"

Basi, wanangu, nanyi wazazi wao: ukimchagulia mwenzio pa kusimama na pa kulala, muulize yeye kwanza, tena mjaribu pamoja kabla ya kutandika.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nimeitua polepole, mtoto wa Zamoyoni amelala.