Mafiga ya Bi Nzilani

Nyamazeni, enyi kusanyiko la Bwana, mtege masikio.

Bi Nzilani alipewa na Serikali Kuu kazi ya kujenga daraja. Alisomba mawe kwa lori lake, pamoja na mafiga matatu ya kuwapikia vibarua. Kwenye kizuizi cha barabarani alisimamishwa na Bwana Kithuka, mtoza ushuru wa jimbo.

"Toa fungu la kumi la mawe!"

"Mkubwa, hii ni kazi ya Serikali. Daraja litapungua."

"Serikali siitozi, mama. Nakutoza wewe."

"Kwa hiyo utachukua yaliyo yangu tu?"

"Yako tu!"

"Basi panda uchague, kisha uandike hivyo."

Kithuka alipanda, akayapiga teke mafiga yenye masizi, akateua mawe mazuri na kumwandikia hati kwamba amechukua yaliyo yake tu. Alifanya hivyo kila safari, hata akajijengea nyumba.

Mkaguzi wa Serikali alipokuja na kukuta daraja limepungukiwa mawe, alikwangua plasta ya nyumba ile, akakuta kila jiwe lina muhuri wa Serikali.

"Mama, ulimpa mali ya Serikali?"

"Hasha! Nilimruhusu achukue yaliyo yangu," alijibu, akionyesha mafiga. "Mwandiko wake huu hapa."

Kwa amri ya mkaguzi, Kithuka aliibomoa nyumba kwa mikono yake, akayabeba mawe hadi darajani.

Ewe utozaye, ndugu yangu, rudisha leo, kungali mchana.